Nyumba ya Dereva wa Lori

Jumatatu, 4 Machi

Nimerudi bwenini. Rangi ya kuta mpya bado inanuka, na kitanda changu bado kinalia kila nikijigeuza. Twiga, mwenzangu wa kitanda cha chini, amesema nikijigeuza sana muhula huu atahamia stoo. Nimemwambia ahamie tu, kwa urefu wa miguu yake ameshafika nusu ya njia.

Safari hii baba amenileta kwa lori lenyewe mpaka getini. Mlinzi akatoka mbio kufungua geti lote akidhani ameletewa mchanga wa ujenzi, maana shule hii haijapumzika kujengwa tangu nije. Bweni likiisha, maabara. Maabara ikikwama, bwalo. Baba akacheka, akashusha sanduku langu, akasema maneno yake ya siku zote: "Mama, siku ya kuagwa nitakuwepo."

Nikamwambia sawa. Siku ya wazazi ya mwaka jana alisema hivyo hivyo. Ya mwaka juzi pia. Sina hasira naye, au tuseme ninayo ila nimeizoea. Toka bibi yangu afariki, tumebaki yeye na mimi, na yeye yuko barabarani.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Maharage.

Alhamisi, 7 Machi

Leo Redio amechaguliwa kuwa mwitaji. Nani mwingine? Huyu mtoto wa kinyozi akinong'ona darasani, wapishi jikoni wanamjibu. Tangu asubuhi anatembea kifua mbele kama kapewa wizara.

Kwa yeyote anayesoma daftari hili bila ruhusa yangu (Twiga, najua ni wewe), nieleze. Darasa la mwisho linapoagwa hapa, hakuna mwanafunzi anayeitwa kwa jina lake. Mwitaji anasimama mbele, mikono mitupu, anataja nyumba: nyumba ya kinyozi wa sokoni, nyumba ya mkunga, nyumba ya fundi wa baiskeli. Watu wa nyumba hiyo wanasimama wote, kuanzia bibi mpaka anayenyonya, wanajibu, "Ni wetu." Hapo ndipo mtoto wao anainuka na kwenda mbele kupeana mkono na Mkuu wa shule. Wanasema ilianza zamani, shule ilipokuwa chumba kimoja na kila nyumba ya mji huu ilichangia tofali zake. Waliojenga ni nyumba, basi zinaitwa nyumba.

Wenyeji wanaona ni kitu cha kawaida, kama kunawa kabla ya kula. Sisi wa bweni tunakiogopa kuliko mtihani. Bweni lilipofunguliwa wakaanza kuja watoto kutoka kila upande, na nyumba zetu ziko mbali. Mwaka jana kijana mmoja wa bweni aliitwa, na hakuna aliyesimama. Nilikuwepo, nimekaa nyuma na wenzangu. Watu walikohoa. Mtu mmoja akaangusha kijiko. Yule kijana akatembea peke yake mpaka mbele, akapeana mkono, akaendelea kutembea mpaka nje ya geti. Hakurudi hata kula.

Tukiwa tunarudi bwenini siku ile niliapa kwamba mimi sitatembea vile. Nilikuwa na mwaka mzima wa kutafuta njia. Mwaka umekwisha, njia sina, ila ahadi ya baba.

Jumapili, 10 Machi

Leo ruhusa ya kwenda mjini. Sketi yangu ilichanika kwenye msumari wa kitanda, nikaipeleka kwa fundi cherehani wa nyuma ya soko, yule wanayemwita Mama Pini. Anaongea pini zikiwa mdomoni, zote zimebanwa upande mmoja, na haijawahi kumtoka hata moja. Wateja wanamwogopa na bado wanapanga foleni.

Nikamwamkia. Akaitikia huku akiipindua sketi yangu kama daktari anayeangalia ulimi.

"Hii alikushonea nani?"

"Bibi yangu."

"Yuko wapi nimfundishe pindo?"

Nikamwambia amefariki. Akazitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye mkono wa gauni lake, akaniambia pole, na alionekana kuimaanisha. Kisha akaitazama tena sketi. "Hata hivyo pindo halijanyooka," akasema.

Nilimchukia njia nzima ya kurudi. Twiga alishika tumbo kwa kucheka, na yeye nikamchukia kidogo.

Jumapili, 17 Machi

Nilifuata sketi. Haikuwa tayari. Mama Pini akanipa ufagio, akaniambia badala ya kusimama mlangoni kama dirisha la pili nifagie nyuzi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hata hiyo ya pili sikuimaliza nimekaa.

Alhamisi, 21 Machi

Kumekucha. Mkuu ametangaza kwenye mstari wa asubuhi kwamba mwaka huu hakutakuwa na kuitwa nyumba. Wanafunzi wamekuwa wengi, amesema, siku haitoshi. Tutapewa vyeti kwa kipaza sauti, kwa namba, tutapigiwa makofi ya pamoja na tutakula.

Wenyeji walinuna mpaka saa ya chai. Redio alikaa darasani bila kusema neno, na mwalimu wa Hesabu akamuuliza kama anaumwa. Sisi wa bweni tulijikaza mpaka tukafunga mlango wa chumba. Halafu Twiga akacheza, na kwa urefu ule alicheza akiwa ameinama kukwepa taa. Nami nikacheza. Mkuu namwona ni mwanamke mwenye majivuno, suti zake na kalamu yake ya dhahabu, anayetaka shule ifanane na za miji mikubwa. Lakini majivuno yake leo yameniokoa.

Jumamosi, 23 Machi

Furaha yetu imekuwa fupi. Wazazi wamekuja kikaoni leo, wamejaa mpaka madirishani. Redio alisikiliza kila kitu, akatuletea habari kabla kikao hakijafungwa. Anasema baba yake kinyozi aliinuka akasema ameshanyoa vichwa vya wakuu wa shule watatu, na hakuna hata mmoja aliyepita akiwa na wazo la namna hii ndani. Mkunga akasema yeye ndiye aliyewapokea nusu ya watoto wa shule hii, sasa wataitwaje kwa namba kama viti vya basi. Mkuu akaongea sana, hawakumsikiliza. Kuitwa kumerudi.

Twiga hakula jioni. Mama yake ni nesi ng'ambo ya mto, na kila mwenye sherehe anajua manesi hawana Jumamosi.

Jumatano, 27 Machi

Nimekuwa mjinga, na naandika hapa ili nisisahau.

Nilitumwa kupeleka madaftari ofisini. Mkuu alikuwa amesimama dirishani akiangalia mvua inavyoingia kwenye bwalo lisilo na paa. Akaniuliza, bila kugeuka, kama mimi ni wa bweni. Nikasema ndiyo. Akaniuliza nani atanisimamia. Nikasema baba. Nadhani sauti yangu ilinisaliti, maana aligeuka.

Akaniambia kwamba yule kijana wa mwaka jana, alimfuata nje ya geti siku ile. Alikimbia na viatu vyake vya kisigino mpaka stendi, na basi lilikuwa limeondoka. Amempigia simu nyumbani kwao mara nyingi. Kijana hataki kuongea na mtu yeyote wa shule hii. "Mimi nilikaa pale mbele nikamwangalia anakuja," akasema. "Ningeweza kusimama mimi. Sikuwaza." Halafu akasema niweke madaftari mezani na nifunge mlango, baridi inaingia.

Kumbe. Wiki nzima namwita mwenye majivuno.

Jumapili, 31 Machi

Kwa Mama Pini. Sketi iko tayari tangu wiki iliyopita, lakini ananiambia nije tu, vifungo haviwezi kujishona. Leo nimeshona vifungo vya sare za watoto wapya wa shule. Kimoja nilikishona nje ndani. Akanitazama juu ya miwani, akasema labda mtoto huyo atavaa shati akiwa ndani ya kabati.

Anaongea muda wote. Watoto wake wote waliitwa shule hii, wote wameondoka, mmoja baada ya mwingine, wana kazi na familia zao. Anasema hakuna mji unaofundisha watoto kuondoka kama huu. Hakusema kwa uchungu, alisema huku akivuta uzi.

Jumamosi, 6 Aprili

Baba kapiga kwenye simu ya matroni. Kapata mzigo wa mbali, atageuza mwishoni mwa mwezi, atakuwa hapa kabla ya kuagwa na siku za kubakiza. "Mama, niamini," akasema. Nyuma yake honi zinalia.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Madawati yanatosha wawili na tunakaa watatu, na paa la darasa letu limeamua kutuongezea wa nne, ndoo.

Jumapili, 14 Aprili

Mjini matope mpaka kwenye kifundo. Mama Pini amenipa chai na kunifundisha kukunja pindo. Alisimama nyuma yangu mpaka nikamaliza, akalipitishia kidole lote, akasema, "Hili linaweza kwenda kanisani." Nilijikuta ninatabasamu kama mpumbavu. Sikumwonyesha.

Jumapili, 21 Aprili

Matroni kakataza ruhusa kwa ajili ya mvua. Nilikaa kitandani nikawaza kwamba vifungo vyangu vinashonwa na mtu mwingine, na wazo hilo likaniudhi. Mtihani wa Hesabu wiki ijayo. Sijui kitu.

Jumatatu, 29 Aprili

Msinilaumu kwa mwandiko wa leo.

Asubuhi Redio aliingia darasani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa anasema polepole. Mto umechukua daraja, na kuna lori limekwenda nalo. Watu wa sokoni wanasema. Alianza kusema lori la aina gani, akaniona, akanyamaza. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nilisimama. Mwalimu wa Hesabu alikuwa anagawa karatasi za mtihani, nikapita pembeni yake nikaenda kwa matroni. Tulipiga simu ya baba. Haipatikani. Tukapiga tena. Haipatikani. Yule mwanamke wa kwenye simu anasema kwa sauti tamu kweli kweli, ningempata ningemnyang'anya hiyo sauti.

Matroni akaniambia nikae, nisubiri. Mimi sikuwa na pa kukaa ndani ya mwili wangu. Nikatoka getini, mlinzi akanizuia, kisha akanitazama usoni akafungua. Miguu ikanipeleka nyuma ya soko. Sikuwa nimewaza kwenda huko, ndiko nilikofika.

Mama Pini alikuwa na wateja watatu na gauni la bibi harusi kwenye cherehani. Nikamwambia baba yangu ana lori, na daraja limeondoka na lori. Ndivyo nilivyosema, kama mtoto wa chekechea. Akazitoa pini zote mdomoni kwa mpigo mmoja. Akamwambia mwenye gauni kwamba harusi itasubiri, na kama haiwezi kusubiri basi ndoa yenyewe ina walakini. Akafunga duka. Watu wa sokoni walitoka milangoni kutazama, maana hawajawahi kuliona duka lile limefungwa mchana.

Tulikwenda kwenye maegesho ya malori, chini ya mwavuli mmoja ambao ulikuwa unafunika sikio langu moja na bega lake moja. Magari yalikuwa yamejipanga mpaka nje ya mji, madereva wamekaa chini ya maturubai wanapiga soga. Mama Pini akapita kwenye kila kabini. Hakuuliza kwa upole. Alikuwa anagonga mlango kwa mkasi, anasema, "Tunamtafuta dereva, baba wa huyu, lori la kijani, unamjua au hunijibu nipite?" Wengi hawakumjua. Nikaanza kufikiria ile "sawa" niliyomwambia getini, ilivyokuwa baridi. Nikasema, Mungu, asije kuagwa, asije kokote, awe hai tu.

Mwisho kabisa wa foleni kulikuwa na kijana anakula mkate kwenye ngazi ya lori lake. Alikuwa wa mwisho kuvuka jana jioni, na daraja lilikwenda nyuma yake akiangalia. Akasema, "Lori la kijani? Mzee anayeimba vibaya?"

Nikasema ndiyo. Ni yeye. Hakuna mwingine anayeimba vile.

Lori lililochukuliwa lilikuwa la mbao, jekundu, halikuwa na mtu ndani, dereva alikuwa ameshuka kunywa chai. Chai imemwokoa. Baba yuko ng'ambo na wenzake wengi, amezuiwa, hajaumia, simu yake tu ndiyo iliyoingia majini alipokuwa anasukuma gari la mwenzake. Yule kijana aliongea naye uso kwa uso kabla ya kuvuka.

Nilikaa kwenye matope. Mama Pini akakaa pembeni yangu, na gauni lake la kitenge jipya, kwenye matope yale yale. Nikalia mpaka nikapata kwikwi. Hakunibembeleza. Alishika mwavuli tu. Nilipotulia akasema, "Haya, mwanangu. Inuka. Bibi harusi ananitukana huko."

Ni mara ya kwanza kuniita hivyo. Siku zote mimi ni "wewe binti."

Mwalimu wa Hesabu ameniruhusu kufanya mtihani kesho peke yangu. Hakuuliza neno. Nami nilidhani hana moyo, ana rula.

Jumanne, 30 Aprili

Mtihani. Nimefeli au nimefaulu, vyote kwangu leo ni sawa. Baba yu hai.

Ijumaa, 3 Mei

Sasa naanza kufikiria upya, kwa aibu. Baba yu hai, ila daraja halipo. Wanasema wanatengeneza kivuko cha magogo, wengine wanasema mwezi ujao. Kuagwa ni wiki ijayo. Juzi nilimwambia Mungu asije kokote awe hai tu, na leo nataka aje. Binadamu hatoshelezeki.

Jumatatu, 6 Mei

Redio anapita kwa kila mmoja kuuliza ataje nyumba gani. Yote anayaweka kichwani, darasa zima, na watu wamekuwa wengi. Namsikia chooni anafanya mazoezi. Nimeacha kumcheka.

Aliponifikia mimi nikasema, "Nyumba ya dereva wa lori." Akaniambia nikitaka anaweza kuniruka, aseme alisahau, lawama zitakuwa zake. Alisema kwa sauti ya chini, yeye. Nikakataa. Nimeshachoka kuogopa. Kama ni kutembea peke yangu nitatembea, lakini nyumba yangu itatajwa. Baba anayeimba vibaya ndiye nyumba yangu.

Alhamisi, 9 Mei

Mji huu una nini? Muuza mikate kaniona akajificha nyuma ya kapu. Mlinzi ananiuliza ninapenda rangi gani. Kinyozi amenisalimia mara mbili njia hiyo hiyo. Twiga anasema hata yeye wanamtazama. Labda tumekonda.

Hakuna habari ya kivuko.

Jumapili, 12 Mei

Jana sikuweza kuandika. Leo ndiyo naandika yote.

Tuliagwa kwenye bwalo jipya, ambalo nusu lina bati na nusu lina mbingu. Mvua ikaanza, watu wote wakahamia upande wa bati wakabanana na viti vyao. Mvua ikipiga bati huwezi kusikia jirani, lakini Redio alisikika. Aliita nyumba za wenyeji moja baada ya nyingine, hakukosea, na kila nyumba ilisimama na kuketi. Mimi niliangalia mlango. Baba hakuwepo.

Wa kwanza wa bweni alikuwa Twiga. "Nyumba ya nesi, ng'ambo ya mto."

Nikamshika mkono. Halafu muuza mikate akasimama kulia na wanawe wote, "Ni wetu." Na kushoto, sauti ile ile kwa wakati ule ule, fundi wa baiskeli na mkewe, "Ni wetu." Na mlangoni mlinzi akapiga mguu kama askari, "Ni wetu."

Wakatazamana.

"Nyie mmetokea wapi?" muuza mikate akauliza. "Nimeombwa mimi, na matroni."

"Mimi nimeombwa na mwalimu wa Hesabu," fundi akasema. "Akaniambia nisimwambie hata mke wangu."

"Mimi ni agizo la Mkuu," mlinzi akasema, bado mguu pamoja.

Mkuu alikuwa amejifunika uso kwa mkono. Kumbe kila mmoja wao, peke yake na kwa siri, alikuwa amepita mjini akituombea wa kutusimamia, akawasihi watu wasiseme, ili watoto tusione tunahurumiwa. Katika mji huu ukipiga chafya asubuhi, jioni unapewa pole na watu usiowajua. Lakini siri hii waliitunza wote, na ndiyo iliyowavuruga. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Waje waone. Pale bwaloni walikuwa wanagombana nani akae, na hakuna aliyekubali kukaa. Muuza mikate akasema ameshamwokea mtoto huyu mkate wa sherehe, anayetaka kumchukua auchukue na mkate. Mwisho kicheko kilianza upande wa wazee kikaenea bwalo zima. Twiga akatembea kwenda mbele akiwa na nyumba tatu nyuma yake, kichwa juu, na akiinua kichwa Twiga ni jambo la kuonekana.

Ikawa hivyo kwa kila wa bweni. Mmoja alipata nyumba nne.

Kisha Redio akavuta pumzi. "Nyumba ya dereva wa lori."

Mama Pini alikuwa amesimama kabla Redio hajafunga mdomo. Peke yake, katikati, futi ya kupimia shingoni. "Ni wetu." Halafu akageuka polepole akawatazama waliokuwa wanaanza kuinuka nyuma yake, na wawili wakakaa. Kinyozi tu alibaki wima, nadhani kwa sababu ni jirani yake sokoni, akasema "wetu" kwa sauti ndogo.

Nilitembea mbele. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Lakini kwenye furaha kulikuwa na mwiba: na huyu naye aliombwa. Nilipomfikia Mkuu alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Baada ya kula nilimkuta Mama Pini anakusanya sahani. Nikamuuliza moja kwa moja nani alimwomba anisimamie.

"Alikuja yule mwalimu wako wa Hesabu dukani," akasema. "Akaanza kunizungusha, unajua Mama, kuna mtoto mmoja wa bweni. Hata hakumaliza, nikamfukuza."

"Ulimfukuza kwa nini?"

"Naombwaje kumsimamia mtu wangu?" Akanipa sahani nishike. "Shika vizuri, zitaanguka."

Nilizishika.

Mvua ilikuwa imekatika na watu wanabeba viti kurudisha madarasani, baba alipoingia. Alikuwa na matope mpaka magotini, kofia mkononi. Aliliacha lori ng'ambo, akavuka kwa mtumbwi wa wachimba mchanga, akatembea, akapakiwa na pikipiki, akatembea tena. Akaona viti vinavyoondoka, akaelewa. Alisimama pale pale kwenye kizingiti. Uso wake sitausahau.

"Nimechelewa, mama," akasema.

Nikataka kumwambia haidhuru, na kweli haikudhuru, nilikuwa nimemwona na macho yangu ana miguu na mikono. Lakini Mama Pini alinitangulia. Akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Wewe ndiye dereva?" Baba akasema ndiye. "Basi simama hapo hapo." Akamwita Redio, ambaye alikuwa na mkate mdomoni. "Ita tena."

Redio akameza. Akarudi mbele, pale alipokuwa amesimama mchana, kwenye bwalo lililobaki na matope na makombo. Akaita kwa nguvu zake zote, kana kwamba mji mzima umeketi. "Nyumba ya dereva wa lori."

Waliokuwa wamebeba viti wakaviweka chini wakasimama wima. Mkuu alitoka ofisini akaja mbio, bila viatu safari hii. Baba akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akajaribu tena.

"Hatujasikia," Mama Pini akasema, lakini kwa upole, na akasogea akasimama pembeni yake.

Baba akamtazama yule mwanamke asiyemjua. Kisha akanitazama mimi. "Ni wetu," akasema.

Hajawahi kuitwa mtu mara mbili katika shule hii. Nilitembea tena kwenda mbele, nikampa tena Mkuu mkono, nikageuka, na wote walikuwa bado wamesimama, baba na fundi wangu katikati. Nikalia mbele za watu, na sikujificha.